Maziwa Yalikwenda Wapi?



Leo tunasema juu ya kitabu cha George Orwell, Mwingereza, kilichotoka mwaka 1945. Kwa Kiswahili kilitoka mwaka 1967, jina lake Shamba la Wanyama. Wanyama wanamfukuza bwana wao, wanaandika sheria 7 ukutani. Mwishoni nguruwe wanawatawala kama bwana yule. Orwell alisema juu ya Urusi: mapinduzi ya 1917, na Stalin aliyeyageuza mali yake. Na sisi Wakongo, tuliokaa chini ya Mobutu tangu 1965 mpaka 1997, hatukosi kuelewa.

Ubaya ulianza siku gani? Wengi hujibu: siku mbwa wa Napoleon walipomfukuza Snowball, nguruwe mwenzake. Sivyo. Ulianza siku ile ile ya sheria, maziwa yalipopotea na hakuna aliyedai hesabu. Mbwa walikuja nyuma. Kisha sheria ziligeuzwa usiku, kwani wengi hawakujua kuzisoma. Farasi Boxer alishika herufi 4 tu. Akazidisha kazi, akauzwa kwa mchinjaji.

Sisi makarani wa migodi tunajua: kitabu cha hesabu kisichofunguliwa mbele ya watu kina panya ndani. Basi michango ya chama isomwe katika kila mkutano, na kila mwanachama ajifunze kusoma. Anayeogopa kuuliza leo juu ya kikombe cha maziwa, kesho ataogopa kuuliza juu ya roho ya ndugu yake.