Mwanasheria Mkuu wa Kenya: Nguvu ya Ofisi na Mpaka Wake

Katika kila serikali ipo ofisi isiyokuwa na bunduki wala rungu, lakini neno lake laweza kumpeleka mtu kizimbani au kumrudisha nyumbani kwake. Ofisi hiyo ni ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kwa askari polisi na kwa mwanajeshi, kuijua ofisi hiyo na kuujua mpaka wake si jambo la ziada. Ni sehemu ya kazi. Historia ya jirani zetu wa Kenya inalo funzo kubwa juu ya jambo hilo.

Chini ya Katiba ya zamani ya Kenya, Mwanasheria Mkuu alikabidhiwa kazi mbili nzito. Kwanza, alikuwa mshauri mkuu wa serikali katika mambo ya sheria. Pili, alikuwa na mamlaka ya kufungua mashtaka ya jinai, kuyachukua mashtaka yaliyofunguliwa na mtu mwingine, na kuyafuta wakati wowote kabla ya hukumu. Aliweza pia kumtaka Kamishna wa Polisi apeleleze jambo lolote linalohusu kosa, na Kamishna alilazimika kutii na kumpelekea taarifa. Katiba hiyo hiyo ilitamka kwamba katika mambo ya mashtaka Mwanasheria Mkuu hataamriwa na mtu yeyote.

Maneno hayo yalikuwa mazuri, lakini wahenga walikwisha kusema: mshika mawili, moja humponyoka. Mshauri hukaa karibu na viongozi wa serikali, huzisikia siri zao na kuwatetea mahakamani. Mwendesha mashtaka, kinyume chake, hutakiwa kuwatazama watu wote kwa jicho moja, wakiwemo viongozi wale wale. Pale ofisa wa serikali anapotuhumiwa, na mshauri wa serikali ndiye anayeamua kama ashtakiwe au asishtakiwe, mwananchi hukumbuka ile kesi ya ngedere iliyopelekwa kwa nyani.

Uzito wa ofisi hiyo ulionekana wazi mwaka 1976. Baadhi ya wanasiasa nchini Kenya walikuwa wakifanya mikutano kutaka Katiba ibadilishwe, ili Makamu wa Rais asishike madaraka moja kwa moja endapo Rais angefariki. Mwanasheria Mkuu wa wakati huo, Charles Njonjo, alitoa tamko kwamba kuwaza au kukusudia kifo cha Rais ni kosa la jinai ambalo adhabu yake ni kifo. Kampeni ile ikazimika. Mwaka 1978 Rais Jomo Kenyatta alipofariki, Makamu wake, Daniel arap Moi, alishika madaraka kama Katiba ilivyosema. Wapo waliosema kuwa tamko lile liliilinda Katiba, na wapo waliosema kuwa lilifumba midomo ya watu. Lakini jambo moja halina ubishi: mjadala ulikoma bila mahakama yoyote kutoa hukumu. Neno la mwanasheria lilitosha.

Ofisi yenye nguvu kiasi hicho yahitaji kinga dhidi ya shinikizo. Lakini mwaka 1986 Bunge la Kenya lilibadilisha Katiba na kumwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kazi yake, hata akaweza kuondolewa bila uchunguzi wa baraza maalumu. Mwaka 1988 majaji nao wakapoteza ulinzi wa namna hiyo. Malalamiko yalikuwa mengi, na mwaka 1990 ulinzi huo ukarudishwa. Mtu anayeweza kufukuzwa jioni kwa uamuzi alioutoa asubuhi hawezi kuitwa huru, hata kama Katiba inamwita hivyo.

Katiba mpya ya Kenya, iliyotangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, ilizitenga kazi zile mbili. Mwanasheria Mkuu alibaki mshauri wa serikali na mtetezi wake katika kesi zisizo za jinai, huku akipewa wajibu wa kulinda utawala wa sheria na maslahi ya umma. Mashtaka ya jinai yalikabidhiwa kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye hushika kazi kwa miaka minane tu wala hateuliwi tena. Yeye haombi ruhusa ya mtu kufungua kesi. Lakini naye amewekewa mpaka: hawezi kuifuta kesi bila ya idhini ya mahakama.

Ndugu askari polisi watazame kwa makini kifungu kimoja cha Katiba hiyo. Mkurugenzi wa Mashtaka aweza kumwagiza Inspekta Jenerali wa Polisi apeleleze tuhuma, na Inspekta Jenerali sharti atii. Waziri hana uwezo huo. Aweza kutoa maelekezo ya sera tu, si kuagiza fulani apelelezwe au fulani aachwe. Na maagizo hayo yote, ya Waziri na ya Mkurugenzi, lazima yawe kwa maandishi. Amri ya simu husahaulika, na siku ya kuulizwa aliyeitoa huikana. Amri iliyoandikwa humlinda anayeitekeleza, na humfanya anayeitoa afikiri mara mbili.

Kwa upande wa jeshi, Katiba zote mbili, ya zamani na ya mwaka 2010, ziliziweka kesi za mahakama za kijeshi nje ya mamlaka ya mwendesha mashtaka wa kiraia. Jeshi lina nidhamu yake. Hata hivyo Katiba ya 2010 yasema kuwa haki ya kusikilizwa na kuhukumiwa kwa haki haipunguzwi kwa mtu yeyote. Mwanajeshi naye ni mtu.

Lakini maandishi peke yake hayatoshi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2022, kesi kadhaa za rushwa zilizowahusu wanasiasa mashuhuri wa Kenya ziliondolewa mahakamani kwa idhini ya mahakama, na wananchi wengi wakauliza maswali. Kuuliza huko si ukorofi. Ofisi isiyotakiwa kueleza sababu za uamuzi wake huanza kuzoea kutokuwa na sababu.

Tanzania nayo, kwa mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2005, ilimpa Mkurugenzi wa Mashtaka uhuru wa kufanya kazi bila kuingiliwa, akizingatia haki, maslahi ya umma na kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki.

Mpelelezi aliyekesha wiki nzima akikusanya ushahidi huona uchungu jalada lake linaporudishwa kuwa halitoshi. Uchungu huo waeleweka. Lakini mkono unaokamata haufai kuwa mkono unaoshtaki, wala unaoshtaki haufai kuwa unaohukumu. Askari anayeulinda mpaka huo hajipunguzii heshima. Anamlinda mwananchi leo, na kesho, akituhumiwa yeye mwenyewe, mpaka huo huo ndio utakaomlinda.