Chura anayebadili rangi kwa amri ya ubongo

Katika mabwawa na mito ya kusini mwa Afrika huishi chura asiye na ulimi, ambaye vidole vitatu vya kila mguu wake wa nyuma vina makucha meusi. Wataalamu humwita Xenopus laevis, na ndugu zake wa karibu hupatikana pia Uganda, Kenya na Tanzania. Akikaa juu ya tope jeusi, ngozi yake huwa nyeusi. Akihamishiwa mahali peupe, baada ya saa chache ngozi hiyo hupauka. Kwa kiumbe anayewindwa na ndege kutoka juu, mabadiliko hayo ni suala la kufa na kupona.

Mwanabiolojia wa Kiingereza, Lancelot Hogben, alilishughulikia jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920. Alionyesha kwamba chura aliyeondolewa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hupauka na kubaki hivyo, na kwamba akidungwa maji yaliyokamuliwa kutoka katika tezi hiyo hurejea kuwa mweusi. Mwaka 1927 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Cape Town, na huko ndiko alikokutana na chura mwenye makucha. Aliondoka mwaka 1930. Mtu huyo aliyechunguza rangi ya ngozi ya chura hakuvumilia nchi iliyowapima watu kwa rangi ya ngozi zao.

Uchunguzi wa baadaye, hasa ule wa wataalamu wa Nijmegen nchini Uholanzi, umeeleza njia yenyewe. Macho ya chura huyu hutazama juu. Hulinganisha nuru itokayo angani na ile inayorudishwa na mahali alipo. Habari hizo husafiri kwa neva hadi hipothalamasi, ambayo ni sehemu ya ubongo wa mbele. Hapo kuna seli za neva ambazo nyuzi zake ndefu hufika hadi ndani ya tezi ya pituitari. Penye weupe, seli hizo humwaga kemikali tatu, miongoni mwao dopamini, nazo huzuia tezi kutoa homoni ya kuleta weusi. Chembechembe za rangi katika ngozi hujikusanya katikati ya seli zake, na chura hupauka. Penye weusi, kizuizi huondolewa, homoni huingia katika damu, na chembechembe hizo hutawanyika.

Mtu angedhani kwamba kazi ya ubongo hapa ni kuiamuru tezi itende. Kumbe sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuizuia. Seli za tezi zikitengwa peke yake katika maabara huendelea kutoa homoni bila kuambiwa. Ni kama ng'ombe aliyefungwa kamba: mwenye kamba akilegeza mkono, ng'ombe huenda mwenyewe. Zipo pia kemikali nyingine za ubongo ambazo humswaga ng'ombe huyo aende kwa kasi zaidi.

Mpango huu haukuishia kwa chura. Katika ubongo wa binadamu pia, dopamini itokayo hipothalamasi huizuia tezi ya pituitari, ingawa kinachozuiwa zaidi ni prolaktini, homoni inayowezesha matiti kutoa maziwa. Mama anaponyonyesha, kizuizi hicho hulegezwa.

Hapa elimu ya chura hufika hadi nyumbani mwa watu. Dawa kadhaa zinazotumika kutibu maradhi ya akili hufanya kazi kwa kuziba njia za dopamini. Kwa sababu hiyo, baadhi ya wanawake wanaozitumia hutokwa na maziwa bila kuwa na mtoto mchanga, au hedhi zao hukatika. Wanaume nao huweza kuvimba matiti. Mara nyingi mgonjwa huona haya kulisema jambo hilo. Jamaa nao huenda wakamshuku kwa mambo asiyoyatenda, na mwisho wake dawa hutupwa na ugonjwa hurudi.

Mgonjwa wa namna hiyo hana hatia yoyote. Kamba imelegezwa na dawa, basi. Linalofaa ni kumweleza daktari, ambaye huweza kupima prolaktini katika damu, kupunguza dawa au kuibadilisha, na pia kuchunguza kama kuna sababu nyingine, kwa mfano uvimbe katika tezi yenyewe. Kuacha dawa ghafla bila ushauri ni hatari.

Hivyo chura wa bwawani, anayejificha kwa kubadili rangi, amewasaidia wanadamu kufahamu jambo ambalo wengi wao hulificha kwa aibu.