Namba na Thamani: Kukilinda Kifurushi Kidogo Kutoka Kilwa Hadi Ughaibuni

Utangulizi



Barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana ziliandikwa hapa kwetu Kilwa mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu. Zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, na leo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, India. Zimevuka bahari na karne tatu kwa sababu ziliingia mikononi mwa watu waliotunza makaratasi. Wazee wetu walikwisha kulisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mada hii inahusu kifurushi kidogo cha mkoba, kawa, kipepeo au mkeka wa ukili, kinachotoka kwenye kaunta ya posta kwenda kwa mteja aliye ng'ambo. Hoja yangu ni moja. Kufuatilia kifurushi na kukikatia bima ni mambo mawili. Namba inakuambia mzigo uko wapi, lakini haikulipi. Bima inakulipa, lakini haiutafuti mzigo. Mtumaji asiyeijua tofauti hiyo hudhani amelindwa, kumbe hajalindwa.

Mikoba mitatu

Nimelijua hili kwa hasara. Niliwahi kutuma mikoba mitatu ya ukili kwa mteja aliye Ujerumani. Kaunta niliulizwa kama nataka rejista, yaani kitu kisajiliwe na kupewa namba, nikajibu sitaki, ili nibaki na shilingi chache. Risiti niliifunga kwenye pindo la kanga. Jioni kanga ikaingia kwenye beseni la kufulia pamoja na risiti, na nilipoikumbuka ilikuwa bonge jeupe lisilosomeka hata tarehe.

Wiki tisa zikapita, mteja hajapata kitu. Nilirudi posta, na karani alinisikiliza kwa utu, lakini hakuwa na pa kuanzia: namba hakuna, risiti hakuna. Nikamrudishia mteja fedha zake. Kazi ya kuchambua miyaa, kuitia rangi, kusuka na kushona ikaenda bure.

Namba inasema nini

Posta za dunia hufanya kazi chini ya Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Tanganyika ilijiunga mwaka 1963, na tangu mwaka 1994 mhusika kwa upande wetu ni Shirika la Posta Tanzania. Umoja huo ndio uliopanga muundo wa namba ili karani wa Kilwa na karani wa Berlin wasome kitu kimoja.

Tazameni namba hii ya mfano: CP305172646TZ. Herufi mbili za mwanzo hutaja huduma: CP ni kifurushi, RR ni rejista, EE ni EMS, yaani posta ya haraka, na herufi ya kwanza ikiwa V, kitu hicho kina bima. Herufi mbili za mwisho hutaja nchi kilikotoka, nasi ni TZ. Katikati kuna tarakimu tisa, na ile ya tisa ni mlinzi, kwa sababu hupatikana kwa hesabu ya zile nane zilizotangulia. Ukikosea ukaandika 27 mahali pa 72, hesabu haikubali. Kwa hiyo mtandao ukikujibu kwamba namba haipo, usianze kulia. Isome upya, tarakimu moja moja.

Kila kifurushi kinapopita penye mashine ya kusoma namba, habari huandikwa: kimepokelewa kaunta, kimefika Dar es Salaam, kimetoka nchini, kimeingia nchi ya mteja, kiko forodhani, kimekabidhiwa. Kati ya vituo hivyo kuna ukimya. Kikiwa hewani hakuna anayekisoma. Kikiwa barabarani kutoka Kilwa Masoko kupita Nangurukuru, Somanga na Daraja la Mkapa, napo hakuna. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa, barabara ya kusini ilikatika na magari yakalala njiani. Siku kama hizo namba hukaa kimya bila kifurushi kupotea. Mweleze mteja hali hiyo mapema, kabla hajauliza.

Fidia na bima

Kifurushi kikipotea, posta inadaiwa nini? Kwa kitu cha kawaida cha barua kilichotumwa bila rejista, hakuna fidia. Kwa kitu cha rejista, kanuni za Umoja wa Posta zimeweka ukomo wa SDR 30. SDR ni kizio cha Shirika la Fedha la Kimataifa, na kimoja kinazidi dola moja ya Marekani. Kwa kifurushi cha kawaida, ukomo ni SDR 40, na kila kilo huongeza SDR 4.50. Kifurushi cha kilo mbili kwa hiyo hakivuki SDR 49, hata kama ndani yake mna mkeka wa thamani mara tatu ya hapo. Tena huo ni ukomo: mali ikiwa na thamani ndogo zaidi, utalipwa thamani yake.

Hapo ndipo bima inapoingia. Mtumaji hutamka thamani ya mali, hulipa ada kulingana na thamani hiyo, na kitu kikipotea, kikiibwa au kikiharibika, fidia huweza kufika kiasi kilichotamkwa. Lakini huduma hii ni ya hiari kwa kila nchi, na kila nchi hupanga ukomo wake. Muulize karani kabla hujalipa: nchi hii inapokea vitu vya bima? Mwisho ni kiasi gani? Kama haipokei, una njia mbili. Gawa mali katika vifurushi viwili au vitatu ili kila kimoja kiingie ndani ya fidia ya kawaida, au tafuta kampuni ya bima ya mizigo inayokubali mizigo midogo.

Fedha taslimu, dhahabu na vito havitakiwi kabisa kwenye kitu kisicho na bima. Mwenye kuficha noti ndani ya mkoba hana madai.

Thamani ya kweli

Sasa nizungumze wazi juu ya desturi inayotuumiza. Mteja anakuandikia: "Tafadhali andika ni zawadi, thamani dola 5, nisilipe ushuru." Tunamkubalia kwa ukarimu. Kishawishi hicho kimekua, maana tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya hautoi tena msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa za chini ya euro 22, na Agosti 2025 Marekani nayo iliondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo ya chini ya dola 800.

Lakini fomu ya forodha ndiyo shahidi wako. Ukiandika dola 5, kisha mzigo wa dola 80 ukapotea, utadai nini kwa karatasi uliyotia saini mwenyewe? Na ukitamka bima kubwa kuliko thamani halisi, huo ni udanganyifu, na madai hufutwa. Andika kinachouzwa kwa jina lake: "mkoba wa ukili, 2, kilo 0.8", na bei aliyolipa mteja.

Kumbuka pia kwamba bima haifidii kilichokamatwa kihalali. Korosho na ufuta zinahitaji cheti cha afya ya mimea. Matumbawe yako chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Vigae na sarafu za kale za Kilwa Kisiwani zinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Vitu hivyo vya kale si bidhaa zetu za kuuza.

Kifurushi kisipofika

Mwenye haki ya kudai kwanza ni mtumaji, katika posta ya nchi alikotumia. Ukituma kutoka Masoko, unadai Masoko. Ndugu yako wa Muscat akikutumia mzigo usifike, yeye ndiye aende posta ya Oman. Muda wa kuulizia ni miezi sita, kuanzia siku inayofuata siku ya kutuma. Ukipita, mlango umefungwa.

Kifurushi kikifika kimechanika, mpokeaji asitie saini kimyakimya. Aeleze uharibifu hapohapo, apige picha, atunze karatasi na kamba za kufungia. Na posta isipokujibu, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yaani TCRA, husimamia pia huduma za posta na hupokea malalamiko.

Mapendekezo

1. Kila kikundi cha wasusi kiwe na daftari la vifurushi lenye tarehe, namba, uzito, thamani, jina la mteja na siku kilipofika.
2. Risiti ipigwe picha kwa simu papo hapo kaunta, kabla ya kutoka mlangoni. Wino wake hufifia, na pindo la kanga si kabati.
3. Gharama ya rejista au bima iingizwe kwenye bei ya mkoba, mteja aione tangu mwanzo.
4. Picha ya bidhaa, ya ufungaji na ya kifurushi kikiwa kwenye mizani itunzwe hadi miezi sita ipite.
5. Anwani ya mtumaji iandikwe kamili, pamoja na namba ya simu na postikodi, ili kisichopokelewa kirudi nyumbani.
6. Ofisi za posta za wilaya zibandike ukutani, kwa Kiswahili, viwango vya fidia na orodha ya nchi zinazopokea vitu vya bima.

Hitimisho

Mama anayesuka Kilwa Kivinje hana mtaji wa kupoteza mara mbili. Kinachomlinda ni namba iliyoandikwa vizuri na thamani iliyosemwa kweli. Nawaomba, kabla hatujatawanyika leo, kila kikundi kifungue daftari lake, kichore safu sita nilizotaja, na kiandike kifurushi cha mwisho kilichotumwa. Tuanze na hicho.