Sauti ya Difu ya Pikapu Yetu: Tusikilize Kwanza, Tununue Baadaye

(Maneno ya Katibu kwenye mkutano wa wanaushirika. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Anayejua kusoma amsomee jirani yake.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya pikapu ya ushirika. Kila mtu anajua gari limesimama pale nyuma ya ghala tangu Jumatatu. Mahindi yako ghalani, mbolea iko mjini, na watu wanauliza. Wengine wanasema kamati imelala. Wengine wanasema dereva ameliua gari. Wengine wanasema gari linatembea vizuri tu, ni kelele, na kelele siyo ugonjwa, litoke likabebe mzigo. Ndugu zangu, kelele ndiyo njia ya ugonjwa kusema. Mtoto mchanga hajui kusema tumbo linaniuma, yeye analia tu. Mama mwenye akili hamzibi mdomo, anatafuta pale panapouma. Na gari ni hivyo hivyo.

Jambo lenyewe ni hili. Pikapu inasaga huku nyuma. Gereji moja ya mjini ilituambia tununue difu nzima. Hawakufungua hata bolti moja ya kutazama oili, walisikia tu mlio wakataja bei. Kamati ikasema hapana, kwanza tujue. Jumamosi tunapiga kura juu ya fedha zenu, na mtu hawezi kupiga kura juu ya kitu asichokijua. Kwa hiyo leo nawaeleza jinsi tulivyotafuta, hatua kwa hatua.

DIFU NI NINI

Mmeona lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli ya nyuma, kama chungu? Hilo ndilo difu. Injini inazungusha propela, ule mtaimbo mrefu unaopita chini ya gari. Propela inaingia kwenye difu kwa gia ndogo inayoitwa pinioni. Pinioni inasukuma gia kubwa kama sahani, inaitwa kroni. Kroni ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu.

Hesabu yake ni rahisi. Kama kroni ina meno 41 na pinioni ina meno 10, basi propela inazunguka mara 4.1 ndipo gurudumu linazunguka mara moja. Pinioni inafanya kazi kuliko wote, na beringi zake ndizo zinazokimbia sana.

Ndani ya difu kuna vigia vingine vidogo. Kazi yake ni kuliachia gurudumu la nje likimbie zaidi ya la ndani gari linapokata kona. Vyote hivyo vinaogelea ndani ya oili nzito. Oili ikiisha, chuma kinakula chuma.

JINSI YA KUSIKILIZA

Sauti inatembea ndani ya chuma, inaweza kutoka hapa ukaisikia kule. Kwa hiyo usiulize tu inatoka wapi. Uliza pia inalia wakati gani. Dereva aendeshe, mtu mwingine akae nyuma asikilize na kuandika. Tulifuata maswali haya:

1. Je, inalia gari likiwa limesimama, injini ikiwaka? Gari likisimama difu haizunguki. Ukisikia mlio hapo, siyo difu. Kanyaga klachi, na mlio ukinyamaza, tazama gia boksi.

2. Je, mlio unabadilika ukitoka barabara ya changarawe ukaingia ya lami? Ukibadilika, shuku tairi. Difu haijui lami wala changarawe.

3. Je, inasaga ukikanyaga breki tu? Hizo ni breki shuu zimekwisha, chuma kinagusa dramu. Pengine ni kijiwe kimeingia. Watu wengi wamefungua difu bure kumbe ni jiwe.

4. Je, mlio unabadilika gari likiyumbishwa taratibu kushoto na kulia, kwenye barabara pana isiyo na watu? Hiyo ni beringi ya gurudumu. Ukipinda kulia uzito unaegemea kushoto, basi mlio ukizidi hapo shuku beringi ya kushoto.

5. Je, inalia kwenye kona tu, na ukinyoosha inanyamaza? Shuku vile vigia vidogo vya ndani ya difu.

6. Je, inasema "ko!" mara moja unapoondoka au unapobadilisha gia? Tazama viungo vya propela kwanza. Vikiwa vizima, basi meno ya kroni na pinioni yameachana.

7. Je, inagonga ko, ko, ko, kwa mpango, kila gurudumu linapozunguka? Simama hapo hapo. Huenda jino la kroni limekatika.

8. Je, inavuma au kusaga ukikanyaga mafuta, na ukiachia inapungua au inabadilika? Sasa umefika kwenye kroni na pinioni na beringi zake. Meno yaliyolika hulia kama filimbi. Beringi iliyokufa huunguruma na kusaga kama jiwe la kusagia.

Pikapu yetu tuliisikiliza kwenda na kurudi mpaka darajani. Ikisimama, kimya. Breki, hakuna kitu. Kuyumba, haibadiliki. Kona, haibadiliki. Lakini ikifika mwendo wa kilomita 30 kwa saa inaanza kusaga, dereva akikanyaga mafuta inazidi, akiachia inapungua. Tukajua ni namba 8.

KUTAZAMA OILI

Hatua hii haina gharama, na ndiyo waliyoiruka wale wa mjini. Weka gari mahali pa tambarare, lipoe. Fungua bolti ya juu, ya kujazia. Fungua ya juu kwanza, nasema tena, ya juu kwanza! Ukimwaga oili ya chini halafu ya juu ikakataa kufunguka, umebaki na gari kavu.

Ingiza kidole. Oili iwe sawasawa na mdomo wa tundu. Halafu itazame juani. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Hutokea gari likivuka mto difu ikiwa ya moto, inapoa ghafla na kuvuta maji ndani. Ikinuka kuungua, difu ilipata joto kupita kiasi. Ikimetameta kama unga wa fedha, chuma kinalika. Bolti ya chini ikiwa na sumaku, usiogope ukiona tope jeusi laini juu yake, hilo ni la kawaida. Lakini ukikuta vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiwashe tena gari.

Kwetu sisi kidole kiliingia chote bila kugusa oili. Tukachovya kwa kijiti, ikatoka nyeusi, inametameta. Na pale propela inapoingia kwenye difu pamelowa, vumbi limeshikamana. Maana yake sili ya pinioni inavuja. Oili ilipungua kidogo kidogo, na beringi za pinioni zikakauka.

Ndiyo maana nasema dereva asitupiwe lawama zote. Kutazama uvujaji na oili ya difu halikuwa zamu ya mtu yeyote kwenye kitabu chetu cha gari. Kuanzia leo ni zamu, na itaandikwa.

KUTUMIA JEKI

Tuliinua magurudumu ya nyuma ili kuhakikisha. Hapa naomba vijana wanisikilize vizuri. Magurudumu ya mbele yazuiwe kwa mawe makubwa. Ekseli ikae juu ya magogo imara, maana jeki peke yake ni muuaji. Injini izimwe. Mtu asiingie chini ya gari linalozungushwa na injini.

Tuliweka gia tukazungusha gurudumu moja kwa mkono, la pili likazunguka kinyume, laini, bila kukwaruza. Vigia vidogo ni vizima. Tukatoa gia, tukazungusha propela kwa mkono. Hapo mkono ulihisi kukwaruza kama mchanga. Tukashika propela karibu na difu tukaitikisa juu na chini, ikacheza. Beringi ya pinioni hiyo, ndugu zangu. Haipaswi kucheza hata kidogo.

KWA NINI GARI HALITOKI

Najua mbolea inahitajika. Lakini beringi ya pinioni ikivunjika njiani, pinioni inaweza kukwama kwenye kroni. Zikikwama, magurudumu ya nyuma yanafunga papo hapo, na gari linateleza ubavu. Kwenye ule mteremko wa mtoni, na watu wamekaa juu ya magunia, tutazika watu. Gunia la mbolea linaweza kungoja wiki moja. Kwa wiki hiyo tukodi trekta.

Tena kuna hila ya kale ya wauza magari, inajulikana dunia nzima. Wanatia vumbi la mbao au ndizi ndani ya difu ili inyamaze siku ya kuuza. Kuna mwenzetu alipendekeza tufanye hivyo tuliuze gari. Hapana. Huo ni wizi, na atakayekufa nalo ni mwananchi kama sisi.

TUNACHOPENDEKEZA

Kwanza, difu ifunguliwe kabla ya kununua kitu chochote, na wajumbe wawili wa kamati wawepo wakitazama. Meno ya kroni na pinioni yakiwa mazima, tununue beringi na sili tu. Yakiwa yamelika, tununue kroni na pinioni pamoja. Hizi zinasagwa pamoja kiwandani, ni kama mume na mke. Ukibadilisha moja, ya pili italia.

Pili, fundi awe anayejua kupima. Nafasi kati ya meno ni ndogo sana, kwenye sehemu moja au mbili za kumi za milimita, inarekebishwa kwa kupima siyo kwa kukisia. Mwambieni apake rangi kwenye meno azungushe, awaonyeshe alama. Alama ikae katikati ya jino. Fundi atakayekasirika kwa kuulizwa hivyo, huyo siyo wetu.

Tatu, vyuma vyote vilivyotolewa virudi ofisini, viwekwe mezani kila mtu avione. Risiti zibandikwe hapa ukutani.

Nne, itiwe oili ya difu inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Pikapu nyingi za aina yetu hutumia ile iliyoandikwa 80W-90 na GL-5. Isitiwe oili ya injini, wala oili yoyote iliyofunguliwa na isiyo na jina. Baada ya kilomita 500 za kwanza imwagwe, itazamwe, itiwe mpya.

Tano, kila Jumatatu dereva atazame uvujaji chini ya gari na kwenye magurudumu. Oili ikionekana ndani ya gurudumu, sili ya ekseli imekufa, na breki zitalowa zikatae kushika. Kila mwisho wa mwezi bolti ya kujazia ifunguliwe, kidole kiingie, iandikwe kitabuni. Wenzetu wa darasa la kisomo la jioni wamekubali kushika kitabu hicho. Wataandika tarehe, kilomita, na jina la aliyetazama.

Ndugu wanaushirika, sikuja kuwaambia mpige kura gani. Anayetaka gari liuzwe aseme, anayetaka litengenezwe aseme. Ila aseme akijua kwamba kilichokufa, kwa tulivyoona mpaka sasa, ni beringi na sili. Tukiifungua tutajua mengine. Yeyote mwenye shaka aje kesho saa mbili asubuhi nyuma ya ghala, gari bado liko juu ya magogo, ashike propela kwa mkono wake mwenyewe.

Mkutano ni Jumamosi saa nne. Tufike mapema, akina mama pia, maana mahindi mengi yaliyo ghalani ni yenu.



Katibu