Elisi ikishikamana na shafti



Boti yetu njo inabeba wagonjwa na mihogo mpaka Baraka. Ikilala, watu wanatembea. Sasa elisi, ile kule kambini Tanzania tuliita pangaboi, imeshikamana na shafti. Tusikimbilie nyundo! Ukigonga ncha ya shafti, unaumiza gia za ndani, na gia hatuna pesa zake.

Kwanza tunatoa bujii, motere isije ikawaka mikono ikiwa pale. Tunabana ubao elisi isizunguke, tunatoa pini na nati, tunamwaga mafuta mepesi, tunangoja mpaka kesho. Halafu kitambaa na maji ya moto. Moto wenyewe hapana: katikati ya elisi mara nyingi muko mpira, utaungua. Ndipo tunavuta, polepole.

Ikitoka, tuangalie nyuma yake uzi wa nyavu. Ule uzi unakata sili, maji yanaingia, mafuta ya gia yanakuwa meupe kama maziwa. Wavuvi wanaujua sana.

Kuirudisha ni rahisi: grisi shafti yote, pini mpya, si ile iliyokwisha kunjwa.

Wafadhili, leo hatuombi motere. Tunaomba kopo la grisi na pini kumi.