Idi Hii Tushone Kanzu za Kizamani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana, mwezi wa Shaaban)

  



Nimeombwa nizungumze juu ya matayarisho ya Ramadhan, na huenda mlitaraji nianze na futari. Mimi nitaanza na cherehani. Tazameni Mombasa yetu inavyokuwa likiingia kumi la mwisho. Wakati Lailatul-Qadri inatafutwa, Biashara Street na Marikiti hakupitiki kwa kusukumana. Mzazi atoka tarawehe mbio mbio, au haendi kabisa, kwa sababu watoto watano wataka kanzu na magauni. Mwenye nazo atoa, asiye nazo akopa, na Idi ikishapita deni liko pale pale. Na kuna barobaro ambaye haonekani kwenye swala ya Idi ati kwa kuwa kanzu yake ni ya mwaka jana. Huyo ndiye anayeniuma zaidi.

Sunna ni kuvaa nguo nzuri kuliko zote ulizonazo. Si lazima iwe mpya, wala si lazima itoke Dubai. Katika Suratul-Aaraf, aya ya 31, Mwenyezi Mungu ametuamrisha tujipambe tuendapo kwenye ibada, na katika aya iyo hiyo akatukataza israfu. Na Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alitaja kwamba akishona nguo yake mwenyewe na akitengeneza viatu vyake. Kwa hivyo ndugu zangu wanaume, msiniangalie hivyo! Kule Lamu wanaume wameketi barazani wakidarizi kofia tangu enzi, na hakuna aliyewacheka.

Sasa mabarobaro wengi siku hizi wapenda mambo ya kizamani. Haya basi, cha kizamani zaidi ni kanzu ya babu zetu: pana, haina kola, shingo imetiwa darizi. Uzuri wake ni kwamba haitaki kigezo cha kununua. Gazeti la jana latosha. Na majina ya vipande vyake, wangapi hapa wayajua? Badani ni kipande cha mwili, mbele na nyuma. Taharizi ni zile pembetatu zinazotiwa ubavuni ili kanzu ifunguke chini. Kikwapa, jina lajieleza. Sijafu ni upindo wa mkononi, na kaba ni kitambaa cha ndani ya shingo. Karibu vyote ni mistatili na pembetatu, ndiyo maana kitambaa hakipotei.

Tupige hesabu. Chukua poplini nyeupe ya upana wa inchi 45, mita 3. Kijana mwembamba wa kimo cha kawaida, kanzu yake ni inchi 56 toka begani hadi juu ya kifundo. Ongeza 2 za upindo, ziwe 58. Mbele na nyuma ni 116, yaani mita 3 kasoro kidogo. Kata badani ya upana wa inchi 24 kwa urefu wote, kisha ikunje begani; begani hapana mshono. Umebakiwa na ukanda wa inchi 21. Humo toa mikono miwili, kila mmoja inchi 22. Kisha pima inchi 46, kipande hicho ukigawe mara mbili kwa urefu, na kila nusu uikate hanamu, pembe kwa pembe. Hizo ni taharizi nne. Na bado una futi mbili na zaidi za kaba, sijafu na vikwapa! Mwenye kifua kipana aongeze badani na kitambaa.

Kabla ya mkasi, loweka kitambaa usiku kucha na ukianike, kwani pamba hurudi ikiingia maji. Shingo uikate ndogo kwanza. Kuipanua ni rahisi. Ule upande wa hanamu huvutika, kwa hivyo ushonee kwenye badani, halafu uitundike kanzu usiku mmoja kabla ya kupinda chini. Ukiharakisha, upindo utaning'inia ubavuni.

Dada zangu, gauni pana la kizamani la kuvaa ndani ya buibui hesabu yake ni hiyo hiyo, badani na taharizi, na leso zafaa sana.

Kama poplini ni ghali, nendeni Kongowea kwenye mitumba mkatafute mashuka ya pamba. (Yachunguzeni, lisije likawa na muhuri wa hoteli mgongoni.) Msione haya. Nguo ya marekani ilipata jina hilo kwa sababu ililetwa Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, kuanzia miaka ya 1830. Ilikuwa pamba isiyopaushwa, nguo ya kila mtu, na mafundi wetu waliishona wakaipendeza.

Darizi ya shingo itieni uzi wa pamba. Hariri kwa mwanamume imeruhusiwa kiasi cha vidole vinne tu, basi ya nini kujitia mashakani? Waganda, ambao kanzu iliwafikia kwa wafanyabiashara wa pwani, mpaka leo wavaa iliyodariziwa rangi ya damu ya mzee shingoni na kifuani, hasa kwenye harusi. Sisi wenye pwani twaivua tuvae ya kola.

Asiye na cherehani ashone kwa mkono, apige bandi kwanza halafu mshono wa kurudia. Jioni kadhaa baada ya Isha zitamtosha. Lakini aanze sasa, Shaaban, ili likiingia kumi la mwisho kanzu iko msumarini na yeye yuko msikitini.

Jumamosi baada ya Alasiri tutakuwa hapa hapa madrasa, tukianza kukata. Njooni na mkasi, tepu ya kupimia na gazeti kuukuu. Mwenye cherehani ya mkono nyumbani inayokula vumbi, tafadhali atuazime.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.