Usingizi Unaanzia Same: Majeruhi wa Kichwa Kabla ya Kufika Moshi

Tukizungumzia huduma ya usingizi kwa majeruhi wa kichwa, mawazo hukimbilia hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kipimo cha CT na meza ya upasuaji. Kwa wilaya ya Same, nadai kwamba huko ni kuchelewa. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha inapita chini ya milima ya Upare, kupitia Hedaru na Makanya, na ajali zake tunazijua. Ile ya eneo la Sabasaba, Juni 28, 2025, iliua watu zaidi ya 35. Lakini wengi wanaoumia kichwa hawatangazwi redioni: abiria wa bodaboda asiye na helmeti, au mtu aliyeporomoka kwenye mteremko wa Vudee. Kutoka mjini Same hadi Moshi ni takriban kilomita 100, na aliyeumia Gonja ana safari nyingine ya kuzunguka kupitia Kisiwani kabla ya kuiona barabara kuu.

Sehemu ya ubongo iliyokufa papo hapo hairudi. Tunachopigania ni ile iliyojeruhiwa lakini ingali hai, nayo humalizwa na mambo mawili ya kawaida mno: kukosa oksijeni na kushuka kwa shinikizo la damu. Mwaka 1993 Chesnut na wenzake walichambua taarifa za majeruhi 717 wa Marekani. Wale ambao kipimo cha juu cha shinikizo kilishuka chini ya 90, hata mara moja tu, walikufa kwa kiwango cha takriban maradufu. Mwongozo wa Brain Trauma Foundation wa 2016 unataka kipimo hicho kisipungue 110 kwa mwenye miaka 15 hadi 49. Kulinda njia ya hewa na mzunguko wa damu ndiyo kazi ya kila siku ya muuguzi wa usingizi, na kazi hiyo haingoji CT.

Wapo watakaosema: hatuna bingwa wa upasuaji wa ubongo, tumpakie mgonjwa aondoke upesi. Upesi ni kweli, kwani damu inayojikusanya ndani ya fuvu haisubiri. Ila mgonjwa asiyejitambua aliyelazwa chali, ulimi umeziba koo na matapishi yanaingia mapafuni, atafika Moshi upesi akiwa na ubongo uliokabwa njia nzima. Dakika chache za kuweka mpira wa hewa na kufungua dripu si ucheleweshaji. (Deksamethasoni ya kupunguza uvimbe iachwe: utafiti wa CRASH wa 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha vifo 21.1% kwa waliopewa steroidi dhidi ya 17.9% kwa wasiopewa.)

Pingamizi zito zaidi linahusu ketamini, dawa ya usingizi ya kumwekea mgonjwa mpira huo wa hewa. Ripoti za miaka ya 1970 zilisema inapandisha shinikizo ndani ya fuvu, na vizazi vya watoa usingizi vimefundishwa kuikwepa. Ripoti zile zilihusu wagonjwa wachache, baadhi yao wakiwa na maji ya ubongo yaliyozibiwa njia. Mapitio ya baadaye ya wagonjwa waliosaidiwa kupumua hayakuliona dhara hilo. Kwa majeruhi aliyevuja damu, naiona ketamini kuwa salama kuliko thiopentoni, ambayo huweza kuliangusha shinikizo kwa dozi moja. Sharti ni upumuaji udhibitiwe: akipumua kidogo, kabonidayoksaidi hupanda na mishipa ya ubongo hutanuka, akipuliziwa kwa pupa, mishipa hubana na damu hupungua.

Hoja isiyojibika kirahisi ni ya mikono. Muuguzi wa usingizi akiondoka na gari kumsindikiza majeruhi, mama anayehitaji upasuaji wa uzazi usiku huo anabaki na nani? Sina jibu zaidi ya wilaya kumpangia mtu wa pili wa zamu, na hilo ni suala la bajeti kabla ya kuwa la tiba. Oksijeni, angalau, inapigiwa hesabu: mtungi wa lita 680 ukifunguliwa lita 10 kwa dakika huisha baada ya dakika 68, wakati gari lililotoka Gonja huenda halijafika hata Mwanga. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kuwasha gari, na mtungi wa pili upakiwe.